Mzee wako alitumikia jeshi Marekani na anaishi mbali na hospitali? Fanya hivi

Kwanza hakikisha ameshajiandikisha kwenye huduma ya afya ya VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliotumikia jeshi), fomu ni 10-10EZ, bila hiyo mengine yote ni stori tu.

Sasa hapa ndo penyewe: kwa sheria ya MISSION ya 2018, kama safari yake kwa gari inazidi wastani wa dakika 30 kufika kwa daktari wa kawaida, au 60 kwa spesholisti, anaweza kuomba atibiwe kwa daktari wa karibu na VA ndo ilipe. Ila asijiendee tu! Lazima VA waidhinishe kwanza, la sivyo bili inaweza kumrudia yeye, na wengi wanakata tamaa hapo sababu simu zinazungushwa, we piga tena, andika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Presha, sukari, ushauri wa msongo wa mawazo, hayo mengi yanaenda kwa video kabisa, hana intaneti? Aulizie tableti ya kuazimwa. Na nauli kama anastahili aidai ndani ya siku 30 baada ya miadi, asilaze.