Somo: Kupanga ovaholi ya injini ya L16 kwenye Datsun 160J

Wenye Datsun 160J wengi hapa Kenya huniuliza swali lile lile, kwamba ovaholi (kuifungua injini yote na kuifanya upya) ya L16, injini ya silinda nne ya gari hili, ianzie wapi, nami nimeandika somo hili ili kila atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa magari ya ukoo huu wa Violet (jina jingine la 160J), na gari lenye historia hiyo halistahili kufunguliwa injini bila mpango. Sharti langu kubwa ni moja: usinunue spea yoyote kabla bloku (mwili wenye silinda), krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na hedi (sehemu ya juu yenye valvu) havijapimwa.

Hatua ya 1: Amua gari litafanya kazi gani. L16 ina silinda zenye kipenyo cha milimita 83, pistoni husafiri milimita 73.7, na ujazo wake ni cc 1,595. Ukichonga silinda hadi milimita 84 utapata takriban cc 1,634, yaani nyongeza ya cc 39 tu. Kuchonga bloku, basi, ni tiba ya uchakavu. Nguvu hutafutwa kwenye hedi, kamshafti (mhimili unaofungua valvu), kabureta na ekzosi, na bajeti igawanywe kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 2: Pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kufungua, na uandike. Ukiwa Nairobi, kumbuka kwamba uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Ikiwa kitabu kinataka baa 12, injini isiyo na hitilafu hapa itasoma kati ya 9.5 na 10. Wapo walioambiwa injini zao zimekwisha kwa sababu tu kipimo cha Nairobi kililinganishwa na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari.

Hatua ya 3: Fungua, piga picha, na uweke kila roka (mkono unaoisukuma valvu) na kila kifuniko cha beringi kwa nambari yake. Kabla ya kutoa gia ya kamshafti, shindilia kabari ya mbao katikati ya mnyororo ili kikaza-mnyororo kisichomoke. Kikichomoka, utalazimika kufungua kifuniko chote cha mbele.

Hatua ya 4: Peleka bloku na krankshafti kwa fundi mwenye maikromita, akuandikie vipimo kwenye karatasi. Baada ya hapo nunua pistoni, kisha urudi nazo ili silinda zichongwe kufuata pistoni zenyewe.

Hatua ya 5: Hedi. Hapa ndipo injini nyingi za L zinapoharibikia, kwa hiyo soma polepole. Hedi ni ya aluminiamu, nayo ikipata joto kupita kiasi hupinda, na karakana nyingi huiskimu (huukwangua uso wake wa chini ili unyooke) na kukurudishia bila neno. Lakini kamshafti ya injini hii imo ndani ya hedi, kwa hiyo kila unachoondoa chini huisogeza karibu na krankshafti. Mnyororo hulegea, na valvu huanza kufunguka kwa kuchelewa. Ikiwa kilichoondolewa ni kidogo, gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kurekebishia taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka. Kikiwa kingi, tuseme nusu milimita, nguzo zinazobeba kamshafti lazima ziinuliwe kwa shimu (vibati vyembamba) za unene uo huo. Ukishaziinua, kamshafti imekwenda mbali na valvu, kwa hiyo vile vikofia vidogo vinavyokaa juu ya shina la valvu navyo sharti viwe vinene zaidi. Paka wino kwenye roka, zungusha kamshafti kwa mkono, kisha uangalie alama: mguso ubaki ndani ya uso wa roka, usitoke ukingoni. Nimeona kamshafti mpya iliyolika kabisa muda mfupi baada ya ovaholi kwa sababu hakuna aliyefanya jaribio hilo.

Onyo: nguzo hizo zilitobolewa zikiwa zimefungwa pamoja, kwa hiyo usizibadilishane nafasi wala kuzichanganya na za hedi nyingine. Onyo la pili: kamshafti mpya hudai roka mpya au zilizosagwa upya. Onyo la tatu: kamshafti nyingine hupata mafuta kupitia matundu yake yenyewe, nyingine hutegemea bomba la kunyunyizia juu yake. Hakikisha unajua yako ni ipi.

Hatua ya 6: Funga kwa usafi, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ukifuata kitabu. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Rekebisha nafasi ya kila valvu kwanza injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Injini ikipata moto, 0.25 na 0.30.

Hatua ya 7: Toa plagi, zungusha injini kwa stata hadi shinikizo la mafuta lionekane, kisha rudisha plagi na uwashe. Ikiwa kamshafti ni mpya, usiiache injini isailensi, yaani izunguke polepole bila kukanyagwa mafuta. Ishike karibu mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20, ukitumia mafuta yenye zinki ya kutosha.

MASWALI

Swali (Thika): Mwalimu, nimeshanunua pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za kawaida) milimita 1.0. Nichonge tu?

Jibu: Hatua ya 4. Pima kwanza.

Swali (Thika): Lakini muuzaji alisema zinaingia L16 zote.

Jibu: Muuzaji hajaiona bloku yako. Ikiwa milimita 0.5 zingetosha kuisafisha silinda, umeitupa ovaholi moja ya baadaye.

Swali (Nakuru): Fundi wangu hutumia uzoefu wa mkono, na magari yake yanatembea. Maikromita ni ya nini?

Jibu: Nafasi kati ya pistoni na silinda ni sehemu ndogo ya milimita. Hakuna mkono unaoihisi. Simdharau fundi wako. Nasema akupe namba.

Swali (Mombasa): Shikamoo mzee. Gari langu la kabureta mbili lilifanyiwa ovaholi Nairobi na huko lilikuwa laini. Tangu nilipoliteremsha pwani, injini hugonga ninapokanyaga mafuta. Je, hedi iliskimiwa mno?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umeuliza vizuri. Huenda ni hivyo, lakini anza na yaliyo rahisi. Hewa ya pwani ni nzito, silinda hujaa zaidi, na mgandamizo ambao Nairobi ulivumilika hapo huzidi uwezo wa petroli. Tena hewa nyingi hutaka petroli zaidi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa huku juu itakuwa na mchanganyiko mkavu (wenye petroli pungufu) huko. Rudisha taimingi ya cheche za plagi nyuma nyuzi mbili au tatu, ongeza petroli kidogo, ujaribu. Ikiendelea, pima kimo cha hedi, toka chini hadi juu, na utuandikie hapa. Ndiyo maana anayesafiri kati ya Nairobi na pwani ninamshauri apange uwiano wa mgandamizo kwa kufuata pwani.

Swali (Eldoret): Kwa nini basi tusiweke injini kubwa zaidi ya L20B tupate cc 1,952 bila taabu yote hii?

Jibu: Inawezekana, ila bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu kwa karibu milimita 20, kwa hiyo pima nafasi chini ya boneti kwanza. Nambari ya injini nayo imo kwenye logibuku, na mabadiliko hayo lazima yaripotiwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ukiamua hivyo, bloku ya zamani ipake mafuta, uifunge kwa nailoni na uihifadhi, kwa kuwa atakayelinunua gari lako baadaye ataiulizia.