Kutumia Viunganishi ili Hoja Zishikamane katika Uandishi wa Kitaaluma

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere au Kyambogo, nchini Uganda, anayeandika tasnifu kwa Kiswahili huambiwa mara nyingi aongeze viunganishi ili kazi yake iwe na mtiririko. Ushauri huo haujitoshelezi, kwa kuwa kiunganishi si pambo la sentensi, ni dai. Humwambia msomaji kwamba jambo la pili limesababishwa na la kwanza, linapingana nalo, au linaliongezea uzito. Amua kwanza uhusiano uliopo baina ya hoja zako, ndipo utafute neno.

Chukua taarifa mbili: bwawa la umeme la Owen Falls lilizinduliwa Jinja mwaka 1954, na viwanda viliongezeka mjini humo. Ukiziunganisha kwa "baadaye", umetaja mfuatano wa wakati tu. Ukiziunganisha kwa "kwa sababu hiyo", umejitwika mzigo wa kuthibitisha kwamba ni umeme, wala si reli au sera za serikali ya kikoloni, uliovivuta viwanda. Msimamizi makini atakudai ushahidi, na ni haki yake. Ukiwa nao, lieleze dai lako waziwazi. Usipokuwa nao, "baadaye" inatosha na haikupunguzii heshima.

Katika kupinganisha hoja, zingatia pia sarufi. "Ingawa" hufuatwa na kishazi, "licha ya" hufuatwa na nomino. Tunaandika: "Ingawa Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri halikuidhinisha utekelezaji wake hadi mwaka 2022." Tunaweza pia kuanza kwa "Licha ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005", lakini "licha ya Katiba ilirekebishwa" haikubaliki. "Aidha" nayo huongeza hoja, haitumiki kuchagua. Anayechagua kati ya mambo mawili atumie "ama" au "au".

Jambo ambalo miongozo mingi hulipita, nami naliona kuwa muhimu kuliko yote, ni kwamba kitenzi cha Kiswahili chenyewe huunganisha. "Mvua zikichelewa, mavuno ya kahawa hupungua" imekwisha kubeba sharti lake ndani ya "-ki-", na "mvua zilipochelewa" imebeba wakati wake. Vivyo hivyo, sentensi inayoanza kwa "ongezeko hilo" au "uamuzi huo" imejifunga kwa ile iliyotangulia, bila kuhitaji "pia" wala "vilevile".

Ukimaliza rasimu, chukua aya moja, futa viunganishi vyote, kisha uisome kwa sauti. Rudisha vile tu ambavyo kukosekana kwake kumeficha maana, na hapo ambapo hakuna kiunganishi kinachofaa, angalia kama hoja zenyewe zinahusiana, kwani huenda moja inastahili kuhamishiwa aya nyingine.