Namna ya kutumia simu na mitandao kuifanya semina yako ya kikazi iende vizuri

Wenzangu mnaoratibu semina na mikutano ya kikazi habari zenu. Naandika hii kwasababu naona wengi tunahangaika na mambo ambayo simu tu ingeyamaliza. Mi naratibu semina za siku moja au mbili, wahasibu, wahandisi, watu wa manunuzi, wale wanaokuja kutafuta masaa yao ya CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma), watu 150 mpaka 250 hivi, Dar na Dodoma zaidi. Naelezea navyofanya mimi, chukua kinachokufaa.

Kwanza nikupe picha. Kuna semina moja miaka ya nyuma, saa mbili asubuhi foleni ya usajili imetoka mlangoni mpaka kwenye magari. Mezani yupo binti mmoja na karatasi zimeprintiwa majina 180, hayajapangwa kwa alfabeti, yamepangwa kwa namna watu walivyolipa. Akafika mzee mmoja mhandisi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akataja jina, binti akapekua karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, hamna. Kumbe ofisini kwake aliyelipa aliandika jina la ukoo tu na akalikosea herufi. Mzee wa watu kasimama pale zaidi ya dakika kumi, risiti kaishika mkononi, nyuma yake watu wanaangalia saa, na mada ya kwanza iliyokuwa ianze saa tatu ikaanza saa nne kasoro. Iliniuma sana. Tangu siku ile kila nikiletewa programu mpya najiuliza, hiki kitu kinaondoa foleni gani, au kinamjibu mgeni swali gani kabla hajauliza? Kama hamna jibu sikiweki, hata kiwe kizuri vipi.

Tuanze na usajili. Google Forms inatosha kabisa, ni bure, na ukiiunganisha majibu yanaingia yenyewe kwenye Sheets, yale majedwali ya Google ya mtandaoni. Maswali yasizidi saba. Swali la jina liandike hivi: "Jina lako kamili kama unavyotaka lisomeke kwenye cheti", hiyo sentensi imeniokoa na vyeti vingi vya kurudia. Weka namba ya usajili wa bodi, ofisi, namba ya simu yenye WhatsApp, nani analipa, chakula asichotumia. La mwisho, na hili usiliache, "Unataka mtoa mada akujibu swali gani?" Ukishapata majibu hayo mpelekee mtoa mada wiki mbili kabla, utaona mada inavyobadilika, maana sasa anajua watu wamekwama wapi, haji na slaidi zile zile alizotumia mwaka juzi.

Ila kuna jambo naomba tuwe waangalifu nalo. Ile tabia ya kutupia Excel ya majina na namba za watu wote kwenye grupu ili "kila mtu ahakiki jina lake" tuiache. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wao ya kwao ni ya 2019. Na hata bila sheria, mama wa watu kakupa namba yake kwa ajili ya semina, hajakupa ili kesho apigiwe na muuza viwanja. Mtumie kila mtu jina lake peke yake alihakiki.

Malipo, tumia lipa namba yenye jina la taasisi, sio namba ya mtu. Siku hizi watu wanaogopa matapeli na wana haki ya kuogopa, kwahiyo jina linalomtokea kabla hajaweka namba ya siri lifanane na lililopo kwenye bango. Na wale wanaolipiwa na ofisi watakuomba profoma (ankara ya kabla ya malipo), iwe tayari kwenye PDF, usisubiri waombe ndo uanze kuitengeneza.

Sasa WhatsApp, hapa ndo watu wetu walipo na hapa ndo panaharibika haraka. Grupu moja linaingiza mpaka watu 1,024 kwahiyo nafasi sio shida, shida ni kelele. Mtu anauliza ukumbi uko wapi, mwingine katuma salamu za Ijumaa, tangazo lako limeshapotea juu huko. Fungua grupu la matangazo ambalo admini tu ndo anaandika, na kama watu wanataka kuongea wafungulie lingine la mijadala. Ukipenda kutuma kwa orodha ya broadkasti (meseji moja inayomfikia kila mtu kivyake) kumbuka mwisho ni watu 256 kwa orodha, na meseji inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, wengi hawalijui hili, wanatuma af wanashangaa nusu ya watu wanasema hatujapata. Kwahiyo kwenye meseji ya kwanza kabisa baada ya usajili mwambie asevu namba na kwa jina gani.

Meseji ya siku moja kabla mi naiandika hivi: "Habari za jioni mhandisi. Kesho usajili saa 1:30 asubuhi, mada ya kwanza saa 3:00 kamili. Ukumbi uko ghorofa ya pili, geti lipo mkono wa kulia ukishapita kituo cha mafuta, magari yanaegeshwa nyuma. Mlangoni utaulizwa namba nne za mwisho za simu yako tu. Chai ipo kuanzia saa 1:30." Basi, na pini ya ramani chini yake. Halafu maneno hayo hayo yafupishe utume kwa meseji ya kawaida yenye jina la taasisi, kwasababu kuna mtu usiku huo bando limekata, au yupo kwenye basi la kutoka mkoani, WhatsApp ataiona kesho saa nne.

Hizo namba nne ndo dawa ya foleni. Watu mlangoni wawe watatu, kila mmoja na simu yake, wote wamefungua Sheets ile ile. Mgeni anataja namba nne, wanatafuta, jina linatokea, wanaweka tiki kwenye kiboksi na tiki inaonekana kwenye simu zote tatu hapo hapo. Jina linaweza kukosewa herufi, namba ya simu yake mtu haikosei, na yeye hahitaji bando wala simu janja. Kama mna bajeti ya QR kodi kwa kila mtu ni nzuri pia, hiyo kitu yenyewe ilitengenezwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari kwasababu wafanyakazi walichoka kuskani misimbo mingi kwenye boksi moja. Mi naitumia zaidi ndani, naibandika moja kila meza, ukiskani unapata ratiba na slaidi, hakuna tena kuprinti makabrasha ambayo nusu yanabaki kwenye viti.

Kutangaza sitakaa sana. Bango moja la Instagram la 1080 kwa 1350, maandishi machache, linasomeka kwenye simu ndogo. Kinacholeta watu zaidi ya bango ni mtoa mada mwenyewe kujirekodi sekunde 40 kwa simu yake akisema nitajibu swali hili na hili, af aiweke LinkedIn na kwenye status yake, maana wanaomfuata yeye ndo wenye taaluma hiyo hiyo. Hashitegi iwe moja, fupi, yenye mwaka, na uitafute kwanza usije ukakuta inatumika kwa mambo mengine kabisa. Na siku ya tukio tafadhali tusijaze picha za meza kuu na mgeni rasmi akipokea maua. Weka sentensi moja aliyosema mtoa mada ambayo mtu aliyeko Mbeya anaweza kuifanyia kazi kesho ofisini.

Kipindi cha maswali ndo moyo wangu upo. Kwetu kijana mwenye mwaka mmoja kazini hawezi kusimama mbele ya mkurugenzi wake aseme sijaelewa. Hawezi, sio kwamba hana akili, ni heshima na ni woga wa kazi. Kwahiyo maiki inabaki kwa watu wanne wale wale, na mmoja wao anageuza swali kuwa hotuba ya dakika saba. Tumia Slido, programu ya maswali inayofunguka kwenye simu, mtu anaandika bila kutaja jina na wengine wanapigia kura swali wanalolitaka, lenye kura nyingi linapanda juu. Kama mtandao wa ukumbi haueleweki, toa namba moja ya WhatsApp na umweke mtu mmoja wa kupokea, asome swali bila kutaja nani katuma. MC aanze kwa kusoma maswali matatu yaliyotoka kwenye fomu za usajili, watu wakishaona yanajibiwa kweli, mengine yatamiminika. Niliwahi kuona swali lililopata kura nyingi kuliko yote lilikuwa la msingi kabisa, jinsi ya kusoma kipengele kimoja cha mkataba, na hata wakubwa walitoa kalamu wakaandika jibu.

Kurusha laivu, anza na sauti. Picha ikiwa na ukungu watu wanavumilia, sauti mbovu wanaondoka. Usitegemee maiki ya simu iliyosimamishwa nyuma ya ukumbi, itarekodi feni na vikombe vya chai. Ongea na fundi muziki mapema akutolee waya kutoka kwenye mikisa (mashine inayokusanya sauti za maiki) mpaka kwenye kompyuta yako, mjaribu jana yake. YouTube kama hujawahi kurusha, kuiwezesha mara ya kwanza inaweza kuchukua mpaka masaa 24, na ukitaka kurusha kwa simu akaunti iwe na wafuasi angalau 50, haya usiyagundue asubuhi ya tukio. Zoom ya bure inakata dakika 40 na mwisho watu 100. Intaneti usishee na wageni, watu 200 wakiunga waifai ya ukumbi imeisha hiyo, njoo na ruta yako na laini ya mtandao wa pili pembeni, na uulize jenereta inachukua sekunde ngapi kuwaka umeme ukikatika. Na awepo mtu ambaye kazi yake ni wa mtandaoni tu, anajibu "sauti hamna" zao na kuleta maswali yao ukumbini, maana nao wamelipa.

Semina ikiisha una siku tatu za kumalizia kazi. Tuma fomu ya maswali matatu tu, nini utakitumia, nini hakikueleweka, tukuletee nini mwakani, ukijaza unapata cheti. Cheti kitume kama dokumenti, ukituma kama picha WhatsApp inakibana maandishi yanafifia. Rekodi zikate vipande vya dakika moja moja uwe unaviweka kidogo kidogo.

Halafu rudi kwenye ile Sheets, chuja wale ambao hawana tiki, waliolipa wasifike. Hao usiwatumie meseji, wapigie simu mmoja mmoja uwaulize wamepatwa na nini, na uwape linki ya rekodi kabla hujakata.