Ubongo unavyobashiri mguso wako mwenyewe: praktikali nne za kufanya bila maabara

Wadau wa bailojia, topiki ya uratibu huwa tunaimaliza kwa kuchora niuroni (seli za neva) ubaoni, kijana anakariri, anafaulu, anasahau. Mi nafundisha kidato cha tatu huku Mbeya na hizi praktikali ndo naziamini, maana kijana anaona kwenye mwili wake kwamba ubongo haukai kusubiri habari zije, unakisia kwanza mwili utahisi nini, afu kile ulichokikisia unakipuuza. Mahitaji ni unyoya wa kuku, kaunta buku na chupa ya soda iliyojaa, basi.

Kabla ya yote pasheni mikono. Sitanii, Uyole mwezi wa saba asubuhi vidole vimekufa ganzi, unyoya hausikiki hata apitishe nani, utasema jaribio limefeli kumbe ni baridi tu.

Hatua ya 1: jicho
Mwambie azibe jicho moja, lile lingine litazame kona ya ubao. Kwanza alizungushe jicho mwenyewe huku na huku: darasa limetulia, hakuna kinachohama. Sasa aguse pembeni ya jicho, upande wa nje, juu ya kope, asukume taratibu sana (mwenye lenzi machoni au aliyefanyiwa operesheni ya jicho asifanye). Ubao unaruka.

Hapa kuna mtoto lazima aulize, "Ticha, mbona kidole ni changu na nimesukuma mwenyewe?" Usilikimbie hilo swali, somo lenyewe ndo lipo hapo. Ubongo ukiagiza misuli ya jicho unabaki na kopi ya agizo, na ile kopi ndo inatumika kukisia picha itahama kiasi gani, picha ikihama kiasi hichohicho huoni kitu. Kidole kimelisogeza jicho bila kupitia misuli yake, agizo limeenda mkononi, kwa hiyo kwa upande wa jicho hakuna kopi, na ubongo unaamua kwamba ubao ndo umehama. Helmholtz, Mjerumani, alishalieleza hili karne ya 19, na mwaka 1950 von Holst na Mittelstaedt wakalifafanua vizuri zaidi, na Sperry huko Marekani naye akatoa wazo la aina hiyohiyo mwaka huohuo.

Hatua ya 2: unyoya
Fanyeni kwenye kiganja. Unyayo unatekenyeka zaidi, ila ukianza kuwavua watu viatu darasani utajua mwenyewe. Afumbe macho, mwenzake apitishe unyoya polepole, aseme alama kati ya 0 na 10. Afu ajipitishie mwenyewe kwa mwendo uleule, aseme tena. Alama inashuka. Mwaka 1998 Blakemore, Wolpert na Frith, watafiti wa London, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakaona ukijigusa mwenyewe sehemu inayopokea mguso inafanya kazi kidogo kuliko ukiguswa, na wakaihusisha serebela, ile sehemu iliyokaa chini kisogoni. Baadaye wakaweka roboti katikati, unaisogeza kwa mkono wa kushoto nayo inakugusa wa kulia, ila inachelewa kidogo. Kadiri ilivyochelewa kuelekea milisekunde 200, yani sehemu moja ya tano tu ya sekunde, ndo watu walivyozidi kutekenyeka. Ubashiri hauangalii tu nani kafanya, unaangalia na saa.

Hatua ya 3: chupa
Kaunta buku juu ya kiganja, kiwiko kimekunjwa, chupa juu yake. Mwenzake aiondoe ghafla: mkono unaruka juu. Irudishe, sasa aiondoe mwenyewe kwa mkono wa pili: mkono umetulia tuli, kwa sababu misuli imelegezwa palepale chupa inaponyanyuka. Jaribuni na ya tatu, mwenzake ahesabu moja mbili tatu ndo aondoe, utaona mkono bado unaruka japo alijua. Kujua kwa kuambiwa hakutoshi, agizo linatakiwa litoke kwako. Ndo maana kwenye kona za mlima Kitonga abiria anaomba mfuko wa kutapikia na dereva yuko fresh, yeye kila kona anaikata mwenyewe.

Hatua ya 4: vidole
Hii iache mwisho maana inaleta vurugu. Wawili wakae wanatazamana, A ambonyeze B kidoleni, taratibu tu, B arudishe nguvu ileile, A naye arudishe, bila kuongea. Baada ya zamu chache wanabonyezana kweli kweli. Jaribio la namna hii lilifanyika London 2003 kwa mashine ya kupima nguvu, nguvu ikawa inapanda kila zamu, kwa sababu ile unayotoa mwenyewe unaihisi pungufu na ya mwenzako unaihisi yote. Wasimamishe kabla hawajaumizana, watenganishe, afu muulize kila mmoja pembeni nani kaanza kuzidisha. Wote watamtaja mwenzake, na hakuna anayedanganya.