Somo: Uhakiki wa Fasihi Wakati wa Likizo ya Mwezi wa Sita, kwa Kitabu Kimoja na Daftari Moja

Likizo ya mwezi wa sita huku Nyanda za Juu Kusini inakuja na baridi na mavuno. Mchana vijana wako shambani wanavunja mahindi au wanachimba viazi, jioni wako jikoni wanaota moto. Shule zikifungwa wameambiwa "mkasome vitabu vya fasihi", basi. Namna ya kuvisoma hawakuelezwa. Ndiyo maana wengi hupita soko la Mwanjelwa pale Mbeya, wakanunua desa, yaani kijitabu cha majibu, lenye dhamira zilizokwishapangwa, wakalimeza, wakarudi shule bila kufungua riwaya yenyewe.

Somo hili nimeliandika hapa kikundini kwetu kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na wazazi wanaotaka kuwasaidia. Jambo ninalolisisitiza ni hili: hoja ya uhakiki hutoka kwenye sentensi iliyomo kitabuni, na sentensi hiyo uwe umeiona kwa macho yako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kitabu kimoja, usomaji wa mara mbili

Usirundike vitabu vinne. Chukua kimoja kati ya vile mnavyosoma darasani, riwaya au tamthiliya. Mara ya kwanza kisome bila kalamu. Furahi, kasirika, mchukie unayemchukia, ufike mwisho. Mara ya pili ndipo ushike kalamu. Kama kitabu ni cha kuazima usikichore, chomeka vipande vya karatasi kwenye kurasa zilizokugusa.

Kuhusu kupata vitabu: Mbeya mjini na Iringa mjini kuna maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Aliye Makete, Ileje au Ludewa aazime shuleni kabla shule haijafungwa, kwa sababu nauli ya kwenda mjini na kurudi inaweza kuzidi bei ya kitabu.

Hatua ya pili: daftari la safu tatu

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye kazi yenyewe. Gawanya ukurasa wa daftari safu tatu. Safu ya kwanza nakili maneno ya kitabu kama yalivyo, na namba ya ukurasa. Safu ya pili andika unachokiona katika maneno hayo: nani anatenda, neno gani limechaguliwa, kitu gani kimerudiwa, nini hakikusemwa. Safu ya tatu jibu swali moja: kwa hiyo?

Tufanye kwa mfano. Nimetunga kifungu kifupi ili asiwepo mwenye desa lake:

*Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya meza. Karani hakuinua macho. "Mahindi gunia ngapi?" "Saba." Karani akaandika tano. Mzee aliitazama kalamu mpaka ilipomaliza kuandika, kisha akachukua kofia yake, akaivaa humo humo ndani kabla hajaaga.*

Mwanafunzi aliyezoea kumeza ataandika haraka: "Dhamira ni rushwa." Mwulize rushwa iko wapi. Hakuna aliyeomba kitu wala aliyetoa kitu. Kilichopo ni dhuluma: gunia saba zimekuwa tano, na mbili zimepotea ndani ya kalamu. Unaona tofauti? Rushwa na dhuluma ni ndugu, lakini anayesahihisha anataka ile iliyomo.

Sasa itazame kofia. Mzee anaivua akiingia, na kila aliyelelewa vizuri anajua maana yake: ni heshima. Mwishoni anaivaa akiwa bado ndani, tena kabla ya kuaga. Hakutukana, hakugonga meza. Heshima aliyoingia nayo ameiondoa, na kofia ndiyo iliyosema. Katika safu ya pili andika: "kofia inavuliwa mwanzo, inavaliwa ndani mwisho, mzee halalamiki kwa neno lolote." Safu ya tatu: "mnyonge anaweza kupinga bila kutamka neno, mwandishi ametumia kofia kama ishara."

Bado hatujamaliza. Karani hakuinua macho hata mara moja, na mzee hakumtazama karani, alitazama kalamu. Watu wawili wako meza moja na hakuna aliyemwona mwenzake. Huo ni mgogoro, na umeonekana bila kelele. Mistari michache tu imetupa dhamira, mgogoro, ishara na tabia za wahusika wawili. Ukifanya hivi kwa vifungu vitano au sita vya kitabu chako, likizo imekulipa.

Hatua ya tatu: wahusika na muundo

Mhusika mkuu mfanyie karatasi yake. Andika alikuwaje sura ya kwanza, yukoje sura ya mwisho, na tukio gani lilimgeuza. Akigeuka kufuatana na mazingira, huyo ni mhusika duara. Akibaki vile vile mwanzo mpaka mwisho, ni bapa. Usiishie kwenye jina hilo. Eleza kwa nini mwandishi alimwacha bapa, maana mara nyingi anamhitaji hivyo ili mwenzake aonekane.

Muundo ni rahisi ukiushika kwa mikono. Andika kila tukio kwenye kijikaratasi, vipange kama yalivyotokea kitabuni, halafu vipange upya kwa mfuatano wa wakati. Vikilingana, muundo ni wa moja kwa moja, yaani msago. Vikipishana kwa kurudi nyuma, mwandishi ametumia rejea.

Hatua ya nne: ubeti mmoja kwa siku

Ushairi unawatisha watu bure. Soma kwa sauti kwanza, piga mizani, yaani hesabu silabi, kwa vidole, kisha ndiyo uulize maana. Huu ni ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo minne, niliouandaa kwa somo hili:

*Baridi ya Uporoto, imeshuka na ukungu,*
*Mama amekoka moto, juu kainjika chungu,*
*Wamezunguka watoto, wangojea lao fungu,*
*Hodi abisha mtoto, kwao kimelala chungu.*

Hesabu: kila kipande kina mizani nane, mshororo mzima kumi na sita. Vina vya kati ni "to", vya mwisho "ngu". Hayo ni ya fani na darasani mnayajua. Lakini ukiishia hapo umehesabu tu, hujahakiki. Neno "chungu" limekuja mara mbili. Cha kwanza kiko motoni, cha pili "kimelala". Chungu hakilali, hiyo ni tashihisi, yaani kitu kupewa tabia ya mtu, na imefanya kazi kubwa: njaa ya nyumba ya pili imetajwa bila neno njaa. Tena tazama "watoto" wa mshororo wa tatu na "mtoto" wa mshororo wa nne. Wengi wako ndani, mmoja yuko mlangoni. Mshairi hakutuambia kama alifunguliwa. Swali hilo ameliacha kwako, na jibu lako ndilo litakuonyesha ujumbe ulioupata.

Hatua ya tano: hadithi za jikoni

Jioni za mwezi huu bibi na babu wanakaa karibu na moto, mahindi yanapukuchuliwa. Waombe hadithi, iwe ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga. Omba ruhusa, rekodi kwa simu, kisha iandike kwa Kiswahili. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: itafute hadithi hiyo hiyo kwa msimulizi mwingine, pengine shangazi au mzee wa jirani. Linganisha. Sungura ameshinda kwa wote wawili? Wimbo wa katikati umebaki ule ule? Nani kaongeza mama wa kambo?

Darasani mnafundishwa kwamba fasihi simulizi hubadilika kulingana na fanani (msimulizi), hadhira na wakati. Ukiwa na matoleo mawili mkononi, sifa hiyo unaieleza kwa mfano wako, wala huna haja ya kuikariri.

Hatua ya sita: aya moja kila wiki

Kila Jumapili andika aya moja. Sentensi ya kwanza ni hoja, zinazofuata ni ushahidi wa kitabu, za mwisho zinaunganisha ushahidi na hoja. Maswali mengi ya mtihani huomba hoja kadhaa kutoka kila kitabu, na kinachowaangusha watahiniwa ni kusimulia hadithi nzima badala ya kuthibitisha. Soma aya yako kwa mtu ambaye hajasoma kitabu. Akikuuliza "umejuaje?", ushahidi haujatosha.

Maswali ya wanakikundi

Mzazi, Makambako: Mwalimu, habari za kazi. Nina watoto watatu wa sekondari na kitabu ni kimoja. Mchana wote tuko kwenye viazi. Hiyo nafasi wataipata wapi?

*Jibu:* Nzuri mama, poleni na shamba. Kitabu kimoja kwa watatu ni nafasi nzuri. Baada ya kula, mmoja asome kwa sauti nusu saa, wengine wasikilize huku mikono inafanya kazi. Kabla ya kulala kila mmoja ataje sentensi moja iliyomkaa na aseme kwa nini. Tamthiliya ndiyo inafaa zaidi, wagawane wahusika. Na wewe kaa hapo uwaulize "kwa nini alifanya hivyo?" Swali hilo halihitaji mtu awe amesoma fasihi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Dhamira, ujumbe na msimamo vinanichanganya, naona kama ni kitu kimoja.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Rudi kwa yule mzee. Dhamira ni jambo linalozungumziwa: dhuluma dhidi ya mkulima. Ujumbe ni funzo unaloondoka nalo: anayenyamaza si kwamba haoni. Msimamo ni upande aliosimama mwandishi. Utaujua kwa kutazama anamfuata nani. Kifungu kinafuata kofia na macho ya mzee, karani hakupewa hata sura. Mwandishi yuko na mzee. Fanya hivyo kwa kitabu chako, vitatu hivyo vitaachana vyenyewe.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Iringa mjini: Kamwene mwalimu. Desa lina kila kitu na mtihani uko karibu. Kwa nini nijichoshe?

*Jibu:* Kamwene. Desa silikatazi, nalipangia wakati wake. Maliza daftari lako kwanza, kisha fungua desa mgombane nalo. Likisema dhamira ni fulani, tafuta ukurasa. Ukiukosa, hoja hiyo usiitumie. Swali la mtihani likigeuzwa kidogo, aliyemeza anabaki na majibu ya swali lingine, na wewe unabaki na kitabu kichwani.

Mwalimu mwenzetu, Mafinga: Njia hii inafaa kwa fasihi ya Kiingereza? Wanafunzi wangu wanakwama kwenye lugha kabla hawajafika kwenye uhakiki.

*Jibu:* Inafaa, mwalimu. Waruhusu safu ya pili na ya tatu waziandike kwa Kiswahili kwanza. Wakishajua wanachotaka kusema, aya ya Jumapili ndiyo waiandike kwa Kiingereza. Kuona kwanza, lugha ifuate.

Mwanafunzi, Mbalizi: Mwalimu, mimi sikubaliani na wewe kuhusu kofia. Naona mzee amekata tamaa tu, kavaa kofia yake anaondoka. Hapingi chochote.

*Jibu:* Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Usomaji wako unawezekana, na una ushahidi: mzee hakusema neno la kulalamika, na zile gunia mbili hakuzidai. Mimi nasimamia maneno "humo humo ndani kabla hajaaga". Aliyekata tamaa angeaga kwa mazoea, akavaa kofia yake mlangoni. Lakini na wewe una neno "mpaka ilipomaliza kuandika": alikuwa na muda wa kuizuia kalamu na hakuizuia. Hilo ni zito, na mimi sikuligusa kule juu. Andika aya yako ya mistari minane ukilitumia hilo, itume hapa kikundini kabla ya Jumapili. Na wengine mchague upande, ila kila mtu aje na maneno ya kifungu.