Somo: Siku ya vipepeo na maua ya porini hifadhini

Wengi wakiingia hifadhini huanza kwa kukimbiza vipepeo, wakarudi na picha za majani matupu. Anza na mimea.

Hatua ya 1. Asubuhi ya baridi ni ya maua. Kipepeo hupashwa na jua, na wengi hawaruki vizuri mpaka misuli ya mbawa ifikie nyuzi 30 hivi. Piga picha ya ua kwa mbele, kwa ubavu, kisha majani na shina. Majani ndiyo husahaulika, na bila hayo mimea mingi haitambuliki.

Hatua ya 2. Jua likipanda, simama karibu na kichaka kilichochanua, usubiri. Angalia kivuli chako: kikimpitia kipepeo, ameondoka. Akitua, sogea taratibu ukiwa umeinama, utazame mbawa kwa juu na kwa chini.

Hatua ya 3. Pitia penye matope. Vipepeo madume hukusanyika hapo kunyonya chumvi ambazo maua hayawapi za kutosha.

Hatua ya 4, ninayoipenda kuliko zote: chungulia chini ya majani bila kuyavunja, utafute mayai na viwavi. Kila aina ya kipepeo ina mimea yake ya kutagia. Kipepeo mwenye jina la kisayansi Papilio demodocus hutaga kwenye jamii ya michungwa. Mwingine, Danaus chrysippus, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya utomvu huo humlinda kiwavi, hata kipepeo, asiliwe na ndege. Ukiijua mimea, unajua pa kusubiri.

MASWALI

Mwalimu, nimeona vipepeo wawili wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye mabaka meupe. Ni aina moja?
Huenda siyo, ndugu yangu. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, humwiga Danaus chrysippus ili ndege wamwogope, ingawa yeye hana sumu. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, mwigaji ana kimoja karibu na ukingo wa mbele.

Nondo nitamjuaje?
Kwa vipapasio, vile viwili virefu vya kichwani. Vya kipepeo vina kifundo nchani. Vya nondo wengi ni kama uzi au unyoya.

Naruhusiwa kuchuma ua moja nikalichunguze nyumbani?
Hapana, tafadhali. Ua lililochumwa halitoi mbegu. Piga picha.

Darubini ipi inafaa?
Inayoona vizuri kitu kilicho umbali wa mita 2.