Namna ya kusoma baridi ya kale kwenye kabari za barafu, hatua kwa hatua

Watu wananiulizaga barafu inajuaje hali ya hewa ya miaka elfu kumi iliyopita, haya twende, ntatumia kabari za barafu za delta ya mto Lena huko Siberia maana ndo ninazozielewa zaidi.

Kwanza elewa zinavyotokea. Majira ya baridi ardhi iliyoganda ikizidi kupoa ghafla inasinyaa, inapasuka, kama tope la mbugani linavyopasuka kiangazi ila hapa kinachopasua ni baridi. Ufa wenyewe milimita chache tu. Theluji ikianza kuyeyuka maji yanaingia humo yanaganda hapohapo, mwaka unaofuata ardhi inapasuka karibu na palepale, uzi juu ya uzi, ukija kushtuka una kabari ya mita mbili tatu upana. Sasa hili ndo la kushika: yale maji ni ya theluji, kwa hiyo kabari inakupa habari za majira ya baridi TU, kiangazi hakimo humo.

HATUA 1: Tafuta kabari kweli. Nenda kwenye gema mto umelimega barafu iko wazi. Kabari ina mistari ya wima na vipovu vingi vya hewa. Ukiona vipande vyembamba vya kulala ndani ya udongo hivyo achana navyo, ni maji ya udongo yaliyoganda polepole, na kuganda polepole kunachakachua isotopu (atomi nzito na nyepesi za kitu kilekile, ndo tutakazopima).

HATUA 2: Safisha uso kwa shoka, toa sentimita 10 hadi 20 maana nje imeyeyuka ikaganda tena. Vaa buti za mpira, tope linalomwagika hapo linanuka kama zizi la ng'ombe, ni majani ya maelfu ya miaka ndo yanaanza kuoza leo.

HATUA 3: Kata kwa chenso mstari mmoja wa mlalo toka ukingo mpaka ukingo, kipande kila sentimita 10. Oili ya cheni usiweke, itakuharibia kipimo cha umri cha kaboni. Vipande vya pembeni kabisa usivitegemee sana, vimeshachanganyikana na maji ya udongo wa jirani. Lebo andika kwa penseli, wino unachuruzika.

HATUA 4: Yeyusha ndani ya mfuko uliofungwa (fikiria barafu ya vifuko ya kwetu, fundo kabisa), halafu jaza kichupa mpaka juu kisibaki na hewa. Hapa nilishalia mimi, vichupa vyangu kumi na kitu nilifunga kizembe, maji yakapungua kidogo tu njiani, namba zikaja za ajabu nikadhani nimegundua kitu kumbe uvukizi.

HATUA 5: Pima oksijeni 18 (ile oksijeni nzito) na haidrojeni nzito kwa mashine ya leza. Wazo lenyewe rahisi: hewa ikizidi kuwa baridi, maji yenye oksijeni nzito yanakuwa yameshadondoka mapema njiani, theluji inayofika inabaki na ile nyepesi. Kwa hiyo namba (yaani oksijeni nzito imepungua kiasi gani ukilinganisha na maji ya bahari) ikizama zaidi kwenye hasi, baridi ilikuwa kali zaidi. Kabari za Holosini (kipindi cha tangu enzi ya barafu iishe mpaka leo) pale Lena ziko karibu hasi 25 kwa elfu, za enzi ya barafu zinashuka hasi 30 na zaidi. Ukitaka kujua kama kuna uvukizi, chukua namba ya haidrojeni toa namba ya oksijeni mara 8, maji ya mvua na theluji duniani kwa wastani yanakupa kama 10, ukipata namba ya chini mno rudi kaangalie vifuniko.

HATUA 6: Umri. Chuja maji utafute jani, mzizi, hata mavi ya lemingi (kamnyama kama panya ka huko kaskazini), vinapimwa kwa kaboni 14 ila mwisho wake ni kama miaka 50,000. Jihadhari, jani la zamani linaweza kusombwa likaangukia ufa mpya, ndo maana tarehe moja haitoshi. Kwa kawaida katikati ndo kuchanga kuliko pembeni ila ufa haupigi katikati kila mwaka. Kwa barafu kongwe watu wanatumia majivu ya volkeno, kule Yukon, Kanada, kuna kabari iko chini ya majivu ya miaka kama 740,000!

HATUA 7: Tafsiri, na hapa ndo wengi wanateleza. Mwaka 2015 timu ya Hanno Meyer wa Taasisi ya Alfred Wegener (ya utafiti wa ncha za dunia, Ujerumani) ilionyesha majira ya baridi ya Lena yamekuwa yakipata joto kwa miaka kama 7,000, wakati chavua na mabaki ya wadudu ya Aktiki kwa jumla yanasema kiangazi kilikuwa kinapoa. Hakuna anayedanganya. Mzunguko wa dunia ulikuwa unapunguza jua la kiangazi huku unaongeza la majira ya baridi, kila shahidi kasema msimu wake. Mtu akikuletea grafu ya kabari kaandika "joto la mwaka", mrudishie. Na mimi kugeuza hizo namba kuwa digrii kamili sipendi, naishia kusema baridi ilizidi au ilipungua, maana hata theluji yenyewe inaweza kuwa imetoka bahari nyingine.

Nusu ya kila kipande iache kwenye friza bila kuyeyusha, utaihitaji siku namba zikigoma.